Miguu ya cherehani kwa mfarishi wa viraka: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Mfarishi wa viraka hupita mikononi mara tatu. Kwanza viraka huunganishwa hadi viwe uso mmoja. Kisha uso huo, pamba ya katikati na kitambaa cha mgongo hufungwa pamoja kwa mishono inayotoboa matabaka yote. Mwisho kingo huvikwa utepe. Kila hatua inadai kitu chake kwenye cherehani, na kinachobadilika zaidi ni kile kichuma kidogo kinachokandamiza kitambaa chini ya sindano. Kuna wanaokiita futi; hapa nitasema mguu.

Mfarishi wangu wa kwanza niliufunga kwa mguu wa kawaida uliokuja na cherehani. Mbele ulipendeza. Nilipougeuza, mgongo ulikuwa na mikunjo kila mahali mishono ilipokutana, na nilitumia jioni tatu kuifumua. Majibu haya yameandikwa kwa ajili ya anayetaka kuziokoa jioni hizo.

Nianze na miguu mingapi?

Mitatu: mguu wa robo inchi wa kuunganisha viraka, mguu unaotembea wa kufunga matabaka kwa mistari iliyonyooka, na mguu wa mshono huru wa kuchora maua na mizunguko. Kama fedha zinatosha mmoja tu kwa sasa, nunua unaotembea. Robo inchi unaweza kuipata kwa njia nyingine, kama nitakavyoeleza, lakini matabaka matatu yanayoteleza hayana njia ya mkato.

Nitajuaje kama mguu utaingia kwenye cherehani yangu?

Hili ndilo swali la kujiuliza kabla ya mengine yote, kwa sababu mguu mzuri usioingia hauna faida.

Tazama shingo, yaani sehemu inayosimama na kufungwa kwa skrubu kwenye nondo ya cherehani. Shusha mguu ulionao hadi ulale kwenye bamba la sindano, yaani kile chuma bapa chenye tundu la sindano, kisha pima kutoka katikati ya skrubu hadi kwenye bamba la sindano. Ukipata kati ya nusu inchi na robo tatu ya inchi, cherehani yako ni ya shingo fupi, kama zilivyo nyingi za nyumbani. Ukipata inchi 1 au zaidi kidogo, ni ya shingo ndefu. Huna haja ya kipimo cha mhandisi. Tofauti ya aina hizi mbili inaonekana kwa macho.

Aina ya tatu ni shingo ya mshazari. Singer ilitengeneza cherehani ambazo sindano imelala kidogo badala ya kusimama wima, na miguu yake ni ya kwake peke yake. Ukiona nondo ya sindano imeinama kumwelekea mshonaji, usinunue mguu wa shingo fupi ukitumaini utaingia. Singer Featherweight 221, ambayo wapenzi wa mifarishi bado wanaitafuta, ni ya shingo fupi.

Halafu zipo kampuni zenye mfumo wao. Bernina hushika mguu mzima kwa klipu bila skrubu, na hata ndani ya Bernina miguu ya cherehani za zamani haiingii kwenye za baadaye. Huko, tafuta kwa namba ya modeli.

Jambo la mwisho: cherehani nyingi za kisasa zina shingo iliyofungwa na kisahani cha chini kinachobofywa na kubanduliwa. Visahani hivyo huingiliana sana kati ya kampuni na kampuni, lakini si vyote. Mguu unaotembea na wa mshono huru kwa kawaida haubofywi. Unaondoa shingo yote na kufunga mguu mpya kwa skrubu. Ikaze kwa bisibisi ndogo, maana mtikisiko huilegeza skrubu iliyokazwa kwa vidole, na mguu ukishuka upande sindano huvunjika.

Kwa nini robo inchi inasumbua watu hivi? Siwezi kukadiria kwa jicho?

Kwenye gauni, kosa la milimita 1 halionekani. Kwenye mfarishi, kosa hilo hurudiwa. Chukua safu ya viraka 12: ina mishono 11. Kila mshono ukila inchi 1/16 zaidi ya ilivyopangwa, safu nzima inapungua inchi 11/16, na safu ya chini yake yenye mishono michache haitalingana nayo kamwe. Ndipo mtu anaanza kuvuta kitambaa kwa nguvu, na uso unavimba katikati.

Mguu wa robo inchi umetengenezwa ili ukingo wake wa kulia uwe inchi 1/4, karibu milimita 6.4, kutoka sindano ilipo katikati. Unapitisha ukingo wa kitambaa sambamba na ukingo wa mguu, basi. Mingi pia ina alama mbele na nyuma ya sindano zinazokuonyesha wapi pa kuanza na kusimama robo inchi kabla ya kona.

Usiuamini kabla ya kuujaribu. Kata vipande vitatu vya upana wa inchi 1½, uviunganishe ubavu kwa ubavu, upige pasi, kisha upime. Kipande cha katikati lazima kiwe inchi 1 kamili, na upana wote inchi 3½. Kikiwa chembamba, mshono wako ni mpana mno. Mara nyingi utagundua unahitaji robo inchi pungufu ya upana wa uzi mmoja au nyuzi mbili, kwa sababu kitambaa kinapokunjwa juu ya mshono hula nafasi kidogo. Kama cherehani yako inaruhusu, sogeza sindano kidogo kulia, lakini zungusha gurudumu kwa mkono kwanza uone kama sindano inapita bila kugusa chuma.

Ambaye hana mguu huu anaweza kupima robo inchi kutoka sindano, akabandika vipande kadhaa vya utepe wa gundi juu ya bamba na kuvitumia kama ukuta. Watu wameshona mifarishi mizuri hivyo miaka mingi. Usiyafunike tu meno, yaani vile vyuma vya chini vinavyosukuma kitambaa.

Mguu wa robo inchi ninunue wenye kibati cha pembeni au usio nacho?

Kibati hicho hushuka upande wa kulia na kitambaa husugua ukuta wake. Kwa anayeanza, na kwa mistari mirefu, ni msaada mkubwa. Mimi nilikiacha baada ya muda kwa sababu kinanizuia kuona pini na hugonga mishono minene inapopishana. Pia hakifai kwa mshono unaoupita mraba kutoka kona hadi kona, katikati ya kitambaa, maana hakuna ukingo wa kuusugua. Kama unaweza kununua mmoja tu, chukua usio na kibati.

Cherehani yangu mpya ina mshono mpana, na mguu wa robo inchi unapeleka kitambaa upande. Kasoro iko wapi?

Huenda hakuna kilichoharibika. Cherehani zenye zigizaga ya milimita 9 zina meno yaliyotawanyika mbali zaidi. Mguu wa robo inchi ni mwembamba, hivyo meno ya kulia hubaki nje bila cha kukandamiza kitambaa juu yake, na kitambaa kinavutwa na upande mmoja tu. Tafuta mguu uliotengenezwa kwa ajili ya upana huo, au tumia mguu mpana na kusogeza sindano kulia hadi umbali wa sindano na ukingo wa mguu uwe robo inchi.

Mguu unaotembea unafanya nini hasa?

Kwenye cherehani ya kawaida, meno yako chini tu. Yanasukuma kitambaa cha mgongo mbele, huku mguu uliotulia ukikizuia kidogo kitambaa cha juu. Kwa matabaka mawili ya pamba nyepesi hutaona tofauti. Weka pamba nene katikati, na uso unaanza kusukumwa mbele ya mguu kama wimbi; mwisho wa mstari una ziada isiyo na pa kwenda, nayo hukunjwa na kushonewa hapo hapo.

Mguu unaotembea una meno yake upande wa juu. Mkono wake mdogo hukaa juu ya skrubu inayobana sindano, au uma wake huishika skrubu hiyo, na kila sindano inapopanda na kushuka, mkono huo huendesha meno ya juu yanyanyuke na kukanyaga sambamba na ya chini. Matabaka yote yanatembea pamoja.

Kosa ninaloliona mara nyingi kwa wanaoanza ni kuufunga mguu na kuuacha mkono ukining'inia chini ya skrubu. Unashona kama mguu wa kawaida mzito, na mtu analalamika kuwa hausaidii. Ukiona hautembei, angalia mkono kwanza.

Naweza kurudi nyuma nao? Kushona kwa kasi? Kupiga zigizaga?

Kurudi nyuma, kwa mingi, hapana. Meno ya juu yametengenezwa kusukuma upande mmoja. Ukirudisha nyuma, ya juu yanavutana na ya chini. Funga mstari kwa hatua fupi sana, yaani mishono midogo, mwanzoni na mwishoni, au acha ncha ndefu za uzi uzifiche ndani kwa sindano ya mkono. Kasi iwe ya wastani au chini yake. Zigizaga na mishono ya mapambo inayosonga mbele tu huwezekana kwenye baadhi ya miguu, ile yenye tundu pana la sindano. Mishono ya mapambo inayokwenda mbele na kurudi iache.

Urefu wa hatua uongeze. Ninaunganisha viraka kwa milimita 2 hadi 2.5, lakini kufunga matabaka ninapanda hadi 3 au 3.5, kwa sababu unene wa pamba hufupisha hatua.

Cherehani yangu ina kisukumio cha juu cha kujengewa. Ninunue tena mguu unaotembea?

Jaribu ulicho nacho kwanza. Mfumo wa IDT wa Pfaff, kwa mfano, una kidole kinachoshuka nyuma ya mguu na kukanyaga kitambaa cha juu, na Bernina na Janome wana mifumo yao. Kwa pamba nyembamba hadi ya wastani inatosha kabisa, na faida yake ni kuwa miguu mingine yenye nafasi nyuma huweza kutumika nayo. Kumbuka tu kukiwasha kidole hicho, na kutumia miguu yenye uwazi nyuma.

Nina mguu unaotembea na bado napata mikunjo mgongoni.

Basi kasoro iko kabla ya cherehani. Mguu hauwezi kunyoosha kitambaa kilichotandikwa kikiwa kimelegea. Tandika mgongo sakafuni au mezani, ubandike kingo kwa utepe ukiwa umenyooka bila kuvutwa, kisha pamba, kisha uso. Shika matabaka kwa pini za usalama, moja kila upana wa kiganja. Anza mstari wa kwanza katikati ya mfarishi na uende nje, na usishone mistari yote kutoka upande mmoja.

Punguza pia kani ya mguu kama cherehani yako ina gurudumu la kuirekebisha. Matabaka manene hukandamizwa zaidi ya inavyotakiwa, na kani kubwa ndiyo inayozaa wimbi. Na uzito wa mfarishi usining'inie ukingoni mwa meza; ukivutwa, hakuna mguu utakaoshinda uzito huo.

Kwenye mshono huru, nichague mguu upi kati ya aina zote hizi?

Hapa meno hushushwa, na mikono yako ndiyo inayosukuma kitambaa. Mguu hauzuii mwendo. Kazi yake ni kukituliza kitambaa kwa sekunde ile sindano inapoingia na kutoka. Kitambaa kikipanda pamoja na sindano, kitanzi cha uzi hakifanyiki vizuri chini na mshono unarukwa. Kwa hiyo mguu ulioinuka mno hurusha mishono, na uliobana mno hukataa kuteleza.

Aina ya zamani hurukaruka: ina springi na mkono unaokaa juu ya skrubu ya sindano, unapanda na kushuka na kila mshono. Inafanya kazi vizuri kwenye unene unaobadilika, ila ina kelele na huchosha macho. Nyingine huelea juu kidogo ya kitambaa bila kuruka, na urefu wake hurekebishwa kwa skrubu ndogo au kwenye cherehani yenyewe. Kama yako inaruhusu marekebisho hayo, chukua inayoelea. Utulivu wake unaonekana kwenye mistari.

Kuhusu umbo la chini: duara lililofungwa halinasi kwenye mishono iliyopishana, na ukingo wake hukusaidia kupima umbali wa mstari kutoka mstari. Mdomo ulio wazi mbele hukuonyesha kila kitu, ndio ninaoutumia ninapofuata mchoro, lakini ncha zake zinaweza kunasa kwenye mapambo yaliyobandikwa. Ya plastiki angavu inapendeza hadi inapopata mikwaruzo.

Chini kumejaa uzi uliosokotana kama kiota. Mguu ni mbovu?

Karibu kila mara hukuushusha mguu. Kwa kuwa mguu wa mshono huru hukaa juu ya kitambaa, jicho linadhani umeshuka tayari. Mkono wa kushushia mguu ndio pia unaofunga visahani vya mkazo wa uzi. Usiposhushwa, uzi wa juu unatiririka bila kushikwa na wote unakusanyika chini. Kwa sababu hiyo hiyo, unapotunga uzi, mguu uwe juu, ili uzi uingie katikati ya visahani.

Vuta pia uzi wa bobini, ule wa chini, uje juu kabla ya kuanza, na ushike ncha zote mbili kwa mishono michache ya kwanza.

Meno ya cherehani yangu hayashuki. Nimekosa mshono huru?

Hujakosa. Weka urefu wa hatua kwenye 0, ambapo meno hupanda na kushuka bila kusukuma. Ukipenda, yafunike kwa bamba maalumu la kufunikia, au kwa kadi nyembamba yenye tundu la sindano iliyobandikwa kwa utepe. Wako washonaji wazuri ambao hawashushi meno hata wanapoweza.

Mguu wa rula ni wa lazima?

Si wa lazima, ila ukitaka kutumia rula kuongoza mshono huru, huo tu ndio unaofaa, na hapa sina ulegevu hata kidogo. Mguu wa rula una ukuta mrefu wa duara, na kutoka sindano hadi nje ya ukuta ni robo inchi. Rula husogea ikigusa ukuta huo. Rula yenyewe ni nene: milimita 3 kwa cherehani nyingi za shingo fupi, na hadi 6, yaani robo inchi, kwa zile zinazoweza. Ukuta wa mguu lazima uwe mrefu kuliko unene wa rula.

Rula nyembamba ya kukatia kitambaa ikiteleza chini au juu ya mguu wakati cherehani inakimbia, sindano inagonga plastiki ngumu mbele ya uso wako. Usiijaribu, hata kwa mstari mmoja.

Nataka mshono upite ndani ya bonde la mshono wa viraka, usionekane. Upo mguu wake?

Upo, wenye kibati chembamba katikati kinachotembea ndani ya bonde. Kwa kitambaa chepesi ni mzuri. Kwa matabaka matatu hausukumi kitambaa cha juu, kwa hiyo ninapendelea mguu unaotembea wenye kibati kama hicho katikati, au wenye mdomo wazi na jicho makini. Shona upande ambao kingo za mshono hazikulazwa. Upande huo uko chini kidogo na mshono hujificha.

Na kwa maumbo yaliyobandikwa juu ya uso?

Mguu wa mdomo wazi wenye mfereji chini yake. Mfereji huo hupitisha uzi uliojazana wa zigizaga nzito. Mguu bapa hukwama juu yake na mishono kurundikana mahali pamoja.

Utepe wa ukingo niushone kwa mguu gani?

Unaotembea. Pale pana matabaka matatu ya mfarishi na mawili ya utepe uliokunjwa, ambao mimi huukata inchi 2¼ au 2½. Kuna mguu wenye kifaa cha kukunja utepe na kuushona kwa mara moja, lakini kwenye unene wa mfarishi na kwenye kona hunisumbua zaidi ya kunisaidia.

Ninunue kisanduku chenye miguu mingi kwa pamoja?

Mingi ndani yake ni ya nguo: zipu, vifungo, marinda, pindo nyembamba. Ya mfarishi itakuwa miwili au mitatu, na unaotembea wa kwenye kisanduku mara nyingi una meno ya plastiki yanayoisha upesi. Afadhali mguu mmoja ulio sahihi. Ukiwa tayari unacho kisanduku, fanya lile jaribio la vipande vitatu kwa mguu wake wa robo inchi kabla ya kuutupa. Wakati mwingine uko sawa kabisa.

Nibadilishe sindano nikibadilisha mguu?

Ninapotoka kwenye viraka kuingia kwenye matabaka, ndiyo: kutoka sindano namba 75/11 au 80/12 kwenda 90/14, na mpya. Angalia na bamba pia. Bamba lenye tundu moja la duara huzuia pembe kali za viraka zisimezwe chini, na baadhi ya miguu ya robo inchi nayo ina tundu moja. Kwa yote mawili, zigizaga na sindano iliyosogezwa pembeni ni marufuku. Mimi hubandika kikaratasi chenye rangi karibu na kitufe cha kuchagulia mshono kila bamba hilo linapokuwa limefungwa, na sikibandui hadi bamba la kawaida lirudi mahali pake.

Miguu hii inahitaji matunzo gani?

Pamba huacha vumbi ndani ya mguu unaotembea, kwenye meno ya juu hasa. Lipanguse kwa brashi ndogo kila umalizapo mfarishi. Pitisha kidole chini ya kila mguu mara kwa mara: mkwaruzo ulioachwa na sindano iliyogonga huvuta nyuzi za kitambaa. Mdogo hulainishwa kwa msasa laini sana; ukiwa mkubwa, mguu huo usirudi tena kwenye kitambaa.